Bi Sijaona Alikuwa Ndani

Mlandizi, Jumapili baada ya adhuhuri

Mwanangu Tatu,

Umekwenda kuwaaga wenzio, na ninavyowajua hawatakuachia upesi, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako. Isome leo kabla ya magharibi, usiiweke ukaisome safarini. Mwisho wake nina jambo la kukuomba, na nataka ulifikirie ukiwa umekaa hapa nyumbani.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala maji ya kuchemsha, wala wavulana wa mjini. Sabuni hata mimi siipati. Wavulana umeshawajua kuliko nilivyowajua mimi nilipokuwa na umri wako. Nataka kukuandikia habari za mtu mmoja, na habari za mstari mmoja wa maandishi.

Baba yako amenikataza. Amesema, "Mwache mtoto aende na moyo mweupe." Nimemjibu kwamba moyo mweupe ndio nilioingia nao mimi ofisini Kibaha. Amechukua jembe akaenda shamba, na jua hili la mchana hajawahi kulitaka. Basi ujue ninaandika tukiwa tumenuniana.

Uliporudi kutoka kwenye usaili wa chuo cha filamu Dar es Salaam, ulikaa pale jikoni hata viatu hujavua, ukanisimulia kwa pupa. "Mama, mwalimu wetu mkuu ni mpole jamani! Hadithi yangu ameisoma yote mbele ya watu. Amesema nina jicho. Anaitwa Bwana Mkwera." Mimi nikainuka, nikasema nakwenda kuwatazama kuku. Ulidhani sikufurahi kwa ajili yako, na usiku ule ulimwuliza baba yako kama nina hasira na wewe. Tatu, kuku tulikuwa tumeshawauza wote. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta.

Namjua Bwana Mkwera. Nilimfanyia kazi kabla hujaanza shule.

Wewe wakati ule ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Baba yako alikuwa fundi wa kujenga, na nyumba zilikuwa zinajengwa Kibaha kila upande. Mimi nilikuwa nimetoka Mikongoni, kule mbele ya Mzenga, nikiwa na cheti changu cha shule ya kati na ujuzi wa kupiga taipureta niliojifunza kwa shida. Bwana Mkwera alikuwa na kiofisi cha kutengeneza filamu za vijijini. Unazikumbuka? Landrova inakuja, shuka jeupe linatundikwa, watu wanakaa chini, wanaonyeshwa namna ya kupanda korosho kwa mistari na kuchimba choo. Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji. Alikuwa amesomea kazi hiyo Ulaya, na hakuna siku aliyokuacha usahau. Nikaajiriwa kuwa karani wake wa kupiga chapa.

Kazi aliijua, nisimsingizie. Kila nilichofundisha vidole vyangu juu ya mswada wa filamu nilikitoa kwake. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu, ananukia sabuni ya kuletwa, akaniambia, "Bibi Zena, kila onyesho lina kichwa chake. Mstari mmoja, herufi kubwa tupu. Unaanza na NDANI au NJE. Halafu mahali. Halafu wakati. Basi. Hadithi inakaa chini yake, haikai humo."

Mimi nikadhani ni jambo dogo. Nikapiga chapa ukurasa wangu wa kwanza, nikaandika: NJE. SHAMBANI KWA MZEE MWENYE HURUMA. JIONI TULIVU.

Aliuchukua ule ukurasa akausoma kwa sauti ofisi nzima. "Hebu niambieni," akasema, "huruma ya huyu mzee kamera itaipigia upande gani?" Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka. Hilo nimelijutia kuliko lile kosa lenyewe, maana tangu siku ile alijua kwamba akinicheka nitamsaidia kucheka.

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kwamba mahali ukipaita NYUMBA YA MZEE ukurasa wa kwanza, usipaite KWA BABU ukurasa wa tano, maana watu watatafuta nyumba mbili. Nilijifunza kwamba mtu akitoka chumbani akaingia uani, hilo ni onyesho jipya, andika kichwa kipya. Nilijifunza kwamba saa zikipita, hata kama hajaondoka alipokaa, andika kichwa kipya. Na zaidi ya yote nilijifunza vile vichwa vinasomwa na nani. Pale ofisini tulikuwa na mpangaji wa safari, Mzee Abeid, Mungu amrehemu. Mzee Abeid hadithi hakuisoma hata siku moja. Alipitisha kidole kwenye vichwa tu. Akiona NDANI, anapakia taa na jenereta. Akiona NJE, anatoka kibarazani kutazama mawingu. Akiona MZENGA, anajaza petroli ya kufika Mzenga. Yaani mtu mwenye kuandika ule mstari ndiye aliyekuwa anawapeleka watu wote wale walikokwenda, na mtu huyo, vidole vyake, nilikuwa mimi.

Sasa nifike kwa bibi yako.

Ulikuwa darasa la pili alipofariki. Tulikuambia ni homa, na kweli homa ilikuwapo. Lakini kabla ya homa kulikuwa na jambo.

Watu wa Mikongoni waliambiwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara, wakae pamoja, wapate shule na zahanati. Wengi walikubali, na wengine hadi leo wanasema ilikuwa heri. Mama yangu, Bi Sijaona, hakukataa. Aliomba angojewe avune mpunga wake, kwa sababu alikuwa amelima peke yake na ulikuwa karibu. Akaambiwa sawa, atangojewa. Kisha wakaja wanaume ambao hakuwa anawajua, wametumwa wamalize kazi ya kuhamisha. Walikuja alfajiri. Bi Sijaona alikuwa ndani, ametawadha, amesimama kwenye mkeka. Wakapanda juu wakaanza kuyavua makuti. Jirani yake, Bi Mwanahawa, aliyasikia yote, maana kati ya nyumba zao palikuwa na ua wa miti tu. Alimsikia mama akisema kwa sauti yake ya kawaida, hakupiga kelele, "Wanangu, ngojeni nimalize kuswali."

Hawakungoja. Vumbi la makuti na vijiti vikamwangukia kwenye mkeka wake. Akapakiwa kwenye lori na sufuria zake. Kule kijiji kipya hapakuwa na paa la kumsitiri, mvua za vuli zikamkuta kwenye kibanda cha miti mitupu, homa ikamshika kifua. Bi Mwanahawa alipanda lori la korosho akaja Kibaha kuniambia. Nilipofika, mama yangu alikuwa ameshazikwa.

Mpunga ule waliula ngedere na nguruwe.

Bwana Mkwera alinipa ruhusa ya msiba siku ile ile. Alinipa na sukari. Niliporudi aliniketisha, akafunga mlango, akaniuliza ilikuwaje, na nikamweleza kila kitu hadi kamasi zinanitoka. Alinisikiliza, Tatu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Andika. Andika kama ulivyonisimulia. Hiyo ni filamu."

Nikaandika. Ulikuwa ukilala, baba yako akilala, mimi naandika kwenye meza ya kulia. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu changu. Onyesho lenyewe la kuvuliwa paa nililipa kichwa jinsi alivyonifundisha, sikuongeza huruma wala utulivu: NDANI. NYUMBA YA BI SIJAONA. ALFAJIRI. Nililiacha jina lake vilevile kwa sababu nilitaka liitwe. Nikayaacha na maneno yake ya mwisho ndani ya nyumba ile. Nikampelekea Bwana Mkwera. Siku ya pili aliniambia, "Umeandika vizuri sana, Bibi Zena," na mimi nikarudi nyumbani kama niliyepewa dunia. Baba yako atakuambia niliimba siku ile nikipika, na matanga ya mama yangu hata hayajapoa.

Zikapita wiki. Asubuhi moja akaniwekea mezani mswada wa mwandiko wake nipige chapa. Juu kabisa aliandika kwamba mtunzi ni yeye. Nikaanza kupiga. Nilipofika ukurasa wa pili vidole vikasimama.

NJE. NYUMBA YA BI SIJAONA. MCHANA.

Bi Sijaona anatoka nje anacheka. Jua linawaka. Lori limepambwa kwa matawi. Wanawake wanapiga vigelegele, vijana wanapandisha vyombo vyake. Bi Sijaona anacheza. Anawaambia wale wanaume, "Wanangu, ngojeni nimalize kucheza!"

Nilirudia kuusoma ule mstari nikidhani macho yananichezea. Halafu nikainuka nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Bwana Mkwera, Bi Sijaona alikuwa ndani."

Akainua kichwa. "Ndani kunataka taa, Bibi Zena. Taa zinataka jenereta, jenereta inataka mafuta. Nje jua ni la bure."

"Na ilikuwa alfajiri."

"Alfajiri inapita kabla kamera haijawekwa sawa. Mchana tunao wa kutosha."

"Alikuwa anaswali. Hakuwa anacheza."

Hapo akaweka kalamu chini. Hakukasirika. Ningeweza kumsamehe kama angekasirika. Alitabasamu. "Mama yangu wewe," akasema, "kuna watu wakubwa wanaingojea filamu hii. Unadhani watataka kuona nini? Nimebadilisha maneno mawili matatu tu. Nenda kapige chapa."

"Basi toa jina lake."

"Jina ni zuri," akasema. "Linakaa vizuri mdomoni." Akaendelea na kazi yake.

Mwanangu, mtu akikuambia amebadilisha neno moja tu, kaa ulitazame lile neno. Alilolihangaikia ndilo lililokuwa na uzito. Mimi nilikuwa karani wa mtu, nina mtoto shuleni, mume wangu analipwa siku akipata kazi. Nikarudi kwenye kiti changu nikapiga chapa ukurasa wote, mchana na vigelegele na kucheza. Akausoma, akatia sahihi, akanirudishia nikate stensili za kurudufu nakala za wapiga picha na za Mzee Abeid.

Hapo kwenye stensili ndipo nilipomlipa.

Siku ya kupiga onyesho lile ilikuwa imeshapangwa kuwa shughuli. Mkubwa mmoja wa wilaya alialikwa aje kutazama filamu inavyotengenezwa, pamoja na wageni wake. Turubai litafungwa kijiji kipya, mbele ya nyumba moja ya huko itakayokuwa ya Bi Sijaona, ngoma zitakuwepo, na mwanamke wa kuigiza Bi Sijaona alishatafutwa. Bwana Mkwera alipenda sana kupanda gari moja na wakubwa, kwa hiyo yeye angefuatana na wageni siku yenyewe, na wapiga picha na Mzee Abeid wangetangulia na mitambo siku moja kabla.

Nilikaa na stensili mbele yangu. Sikubadilisha hadithi. Vigelegele viliendelea kupigwa, na kucheza kulikuwepo. Nilibadilisha kichwa peke yake, kile kimoja. NDANI. NYUMBA YA BI SIJAONA, MIKONGONI. ALFAJIRI. Sikusita. Nataka ujue hivyo, kwa sababu watu watakuambia mama yako ni mpole. Niliupiga ule mstari taratibu, herufi moja moja, na kila herufi nilimwona uso wake.

Mzee Abeid, ambaye mambo ya wageni hayakuwa kazi yake, akapitisha kidole. Akapakia taa na jenereta. Akajaza petroli ya kufika Mikongoni.

Siku yenyewe mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma na taipureta yangu, kwa ajili ya kuandika mabadiliko kama yatakuwepo. Tulifika kijiji kipya jua liko juu. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, lori limepambwa kwa matawi kama alivyotaka. Wanawake wamevaa kanga sare. Mkubwa akakaribishwa, akakaa mbele. Bwana Mkwera akashika kipaza sauti, akaeleza filamu ni nini, na namna alivyoitunga mwenyewe kutokana na mambo aliyoyaona kwa macho yake. Akasema, "Sasa tutaanza." Akageuka.

Kamera haikuwapo.

Akatuma mtu atazame barabarani. Akasimulia tena habari za Ulaya. Ngoma zikapigwa, zikachoka. Mkubwa akanywa madafu, akatazama saa yake. Nilikuwa nimesimama pembeni, karibu kabisa na Bwana Mkwera, na niliona jasho likitoka nyuma ya masikio likaingia kwenye kola yake nyeupe. Nilifurahi, Tatu. Nilikunywa furaha ile kama mtu aliyeshinda na swaumu. Sijawahi kutubu kwa furaha ile na sina nia.

Mwisho tukaisikia Landrova. Mzee Abeid akashuka, matope hadi kwenye magoti, amekasirika.

"Bwana, tuko Mikongoni tangu alfajiri," akasema mbele ya watu wote, maana alikuwa amechoka na hakutazama nani amekaa hapo. "Nyumba ya Bi Sijaona hatukuiona. Tumekuta msingi na miti iliyooza. Taa tungezifunga wapi, bwana? Juu ya msingi?"

"Nani aliwaambia mwende Mikongoni?"

"Si imeandikwa!" Akatoa nakala yake mfukoni, imekunjwa.

Bwana Mkwera akaichukua akaitazama, akataka kuikunja. Yule mkubwa akanyoosha mkono. "Lete nione," akasema. Akavaa miwani. Kipaza sauti kilikuwa juu ya meza mbele yake na hakuna aliyekumbuka kukizima. Akasoma taratibu, na sauti yake ikaenda kijiji kizima:

"Ndani. Nyumba ya Bi Sijaona, Mikongoni. Alfajiri."

Hilo mimi sikulipanga. Nilitaka tu aaibike kwa kukosa kamera. Sikujua kwamba ule mstari ungesomwa mbele ya watu waliozaliwa na kukua pamoja na mama yangu.

Bi Mwanahawa alikuwa safu ya mbele ya wachezaji, na kanga yake sare. Akasimama. "Haswa!" akasema. "Ilikuwa alfajiri! Alikuwa ndani! Nilimsikia kwa masikio yangu, anawaambia wangoje amalize kuswali, wakavua paa yuko chini yake!" Mwanamke mwingine akadakia, "Na mvua ikamkuta hapa, pale nyuma ya turubai lenu!" Mwingine akaanza kulia. Zile kanga sare zote zikawa zinazungumza kwa pamoja. Wapiga ngoma wakaweka ngoma chini.

Mkubwa akavua miwani. Akauliza, "Huyu Bi Sijaona ni mtu kweli?"

Bwana Mkwera akasema haraka, "Ni jina tu, mheshimiwa. Ni makosa ya mpiga chapa. Na huyu mpangaji wangu angepaswa kuuliza." Akamnyooshea Mzee Abeid kidole.

Basi nikatoka pembeni. "Mzee Abeid hana kosa," nikasema. "Kichwa kile nimekiandika mimi. Bi Sijaona ni mama yangu, na niliandika ilivyokuwa."

Bwana Mkwera alinitazama. Tangu siku ile ya kwanza ya JIONI TULIVU, alikuwa hajanitazama kama mtu aliyeniona.

Mkubwa akanyanyuka. Alimwambia msaidizi wake shughuli imeahirishwa, akaingia garini, na Bwana Mkwera hakuitwa apande naye. Akarudi Kibaha nyuma ya Landrova, juu ya nyaya za jenereta.

Filamu ile haikutengenezwa. Mimi niliachishwa kazi wiki ile ile, na ndiyo sababu tulihamia Mlandizi kulima mpunga bondeni. Ulilia kwa kuiacha shule yako na rafiki yako, ukaniuliza tunahama kwa nini, nikakuambia kazi imekwisha. Baba yako aliacha kazi nzuri ya ujenzi kwa ajili ya ule mstari wangu, na hajawahi kunitupia usoni. Leo amenuna, lakini hajanitupia usoni.

Wale waliovua paa hakuna aliyewauliza. Na Bwana Mkwera alikaa pembeni kidogo, akahamishiwa kwingine, kisha akaanza kupanda. Nilikuwa namsikia redioni akihojiwa juu ya sanaa na maendeleo ya mkulima. Kila mara nilizima. Betri zenyewe zilikuwa za shida, baba yako alidhani nazitunza.

Nilidhani nimemlipa na nikashiba. Kumbe nilikuwa nimeonja tu. Nilipomsikia ametajwa na mdomo wako, kwa mapenzi, na macho yako yanang'aa kama yangu yalivyong'aa siku aliyoniambia nimeandika vizuri, nilijua njaa iko palepale.

Ningeweza kukuzuia. Nililifikiria siku nyingi. Lakini kazi anaijua, na hapa kwetu wanaoijua ni wachache. Angekuwa mjinga ningekuzuia. Basi nenda umchukulie yote aliyonayo. Mambo ya kukata onyesho, ya kujua lini uondoke chumbani na lini ubaki, ya kumfanya mtu aseme kidogo. Mchukulie hadi abaki anajirudia. Akikucheka usimsaidie kucheka. Akikusifu, shukuru, halafu kaa na karatasi zako karibu. Na usilitie jina la mtu wa damu yako kwenye karatasi utakayomkabidhi mwingine mpaka umejua analitakia nini. Hilo ndilo nililokosea kwa mama yangu. Nilitaka jina lake liitwe, nikampa mtu ambaye kwake jina ni kitu cha kukaa vizuri mdomoni.

Sasa ombi langu.

Yeye hajui wewe ni nani. Umeandikwa kwa jina la baba yako, umemwambia unatoka Mlandizi, basi. Nimekata tiketi mbili za kesho. Nataka nikufikishe hadi mlangoni kwake. Nitavaa vizuri, sitapiga kelele, sitakuaibisha. Nitamsalimu kwa adabu mbele ya wenzio na walimu wenzake. Nitamwambia, "Bwana Mkwera, mimi ni Zena, mpiga chapa wako wa Kibaha. Huyu uliyesema ana jicho ni mjukuu wa Bi Sijaona." Halafu nitageuka nirudi kituo cha basi. Nataka kila asubuhi akiita majina alifikie lako, alimeze, aendelee kufundisha. Nataka afundishe vizuri kwa sababu anaogopa. Na akija kukufanyia ubaya, aufanye watu wote wakijua sababu yake, asikufanyie gizani kisha aseme ni makosa ya mpiga chapa.

Najua ninachokuomba. Anaweza kukugeuka siku ile ile. Nafasi yako inaweza kupotea kwa maneno yangu mawili, na wewe ndiwe uliyeihangaikia. Sehemu ya jambo hili ni ya kukulinda wewe na sehemu ni ya kujifurahisha mimi, na sitakudanganya ipi kubwa.

Kwa hiyo uamuzi ni wako. Ukiona hapana, niguse mkono tukiwa njiani. Nitashuka Misugusugu, nishinde na shangazi yako, jioni nirudi, na sitakununia wala sitakuuliza tena. Lakini tukipita Misugusugu hujanigusa mkono, sitashuka.

Mama yako,
Zena